Siku ya Kubadilishana Watoto

Jumatatu, 5 Februari 1996

Uji wa chekechea umeungua tena. Watoto wameunywa hivyo hivyo, wamezoea. Kosa langu. Nilikuwa mlangoni natazama njia ya ziwani badala ya kutazama sufuria.

Tangu mwezi uliopita sote tunaitazama njia hiyo. Vijana wa Kamolo, pwani jirani, walikuja na mapanga mchana kweupe, wakachoma vichanja vya samaki vya akina mama na kupasua mitumbwi. Walidai vijana wetu wa Kotieno wanawaibia nyavu. Huenda ni kweli. Wetu nao si malaika. Sasa sisi hatuvui upande ule, wao hawavui upande huu, na kila boma linanoa kitu.

Leo chifu ameniita ofisini. Amri imetoka juu. Serikali iliweka sahihi kule Beijing mwaka jana, kwenye mkutano wa wanawake wa dunia, kwa hivyo kamati ya amani lazima iwe na wanawake. Ametuchagua wawili. Mama Dolfina, muuza samaki, kwa sababu hakuna mwanamume wa pwani hii anayethubutu kumwacha nje. Na mimi, kwa sababu najua kuandika. Na nadhani kwa sababu mimi ni mgeni. Nyar-Bunyore, ndivyo wanavyoniita. Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, nafundisha watoto wao, na bado mimi ni binti wa Bunyore. Mgeni hana mdomo. Chifu anajua hesabu zake.

Kwenye semina Kisumu tulifundishwa kwamba mwanamke lazima awe mezani amani inapotengenezwa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Kupiga makofi ni rahisi.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 8 Februari

Kikao cha kwanza. Chini ya paa la mabati la ghala la samaki, jua linatupika. Wazee wa Kamolo upande mmoja, wetu upande mwingine, chifu katikati. Mama Dolfina na mimi tulipewa benchi karibu na jiko. Chai ilipochemka wote walitutazama. Dolfina akawaambia vikombe viko pale, mikono wanayo. Nikaona haya, nikainuka nikamimina.

Wakahesabu hasara. Mitumbwi. Nyavu. Vichanja. Mkono wa kijana mmoja uliovunjika. Kwa kila hasara wakakubaliana fidia, kwa upole wa ajabu, kama watu wanaogawana nyama ya sikukuu.

Halafu Mzee Ong'ondo, mwenyekiti wa Kamolo, akasema kuna lile la mtoto wa Mama Akoth. Ng'ombe mmoja. Tufunge. Yaliyopita si ndwele.

Chifu akaitikia kwa kichwa. Wazee wetu pia wakaitikia. Wetu!

Lile. Hawakulitaja jina. Siku ile ya mapanga vijana watatu walimkuta Akoth peke yake nyuma ya vichanja. Ana miaka kumi na sita. Nilimfundisha kuandika jina lake mchangani kwa kijiti. Pwani nzima inajua walichomfanyia na pwani nzima inasema "lile."

Sikusema neno. Nilikuwa nimeshika birika.

Jumamosi, 10 Februari

Nimekwenda kwa Mama Akoth. Akoth yuko ndani, hatoki, shule hajarudi. Nilidhani nitamkuta analia. Alikuwa anachambua maharagwe.

Mama yake alimpeleka hospitali Kombewa siku ya pili yake, pamoja na Dolfina. Daktari mwanamke alimtazama vizuri na akaandika yote. Lakini kwa polisi hawajaenda. Naibu wa chifu aliwaambia wangoje kwanza amani ipatikane, wasichochee.

Nilimwambia Akoth kuhusu ng'ombe. Nilifikiri ana haki ya kujua bei yake. Akaacha maharagwe.

"Mwalimu, mimi sitaki ng'ombe. Nataka niende polisi. Huyo mmoja namjua jina. Nataka asimame mahali niseme na yeye asikie."

Huyo mmoja ni kijana wa mwisho wa Mzee Ong'ondo. Mzee yule yule anayetuletea ng'ombe.

Akaniuliza kama nitamsemea katika kamati. Nikasema ndiyo. Ilitoka kabla sijafikiri. Nimefika nyumbani nikakaa juu ya gunia la mkaa mpaka watoto wakaniuliza kama ni malaria.

Wakimaliza hii amani yao kwa ng'ombe, Akoth hatasikika tena popote. Atakwenda polisi ataambiwa kesi ilikwisha, mlikula fidia. Ndiyo maana yake. Nimeielewa vizuri na ingekuwa afadhali nisingeielewa.

Jumapili, 11 Februari

Mume wangu Joseph amekuja kutoka Kisumu, kutoka karakanani, na mkate na sukari. Nilimwambia baada ya kanisa. Alimaliza kula kwanza. Halafu akasema mimi si mama wa Akoth, na yeye hulala Kisumu siku sita, nani atanilinda. Ameondoka amenuna. Nimebaki nimenuna. Lakini anaogopa kwa ajili yangu, si kwa ajili yake, hilo nimeliona.

Jumatano, 14 Februari

Nimesema.

Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyeshikwa akiiba sukari. Nilisema lile jambo ni la jinai, haliko katika mizani moja na nyavu. Nilisema serikali imeahidi mbele ya dunia kwamba amani haitatengenezwa kwa kumeza mambo ya wanawake. Nilisema Akoth anataka kwenda polisi na kamati isimzuie.

Walicheka. Si kwa ubaya, hilo ndilo liliniuma. Walicheka kama unavyomcheka mtoto aliyesema kitu kikubwa. Mzee Ong'ondo akasema, "Mama, Beijing ni mbali. Hapa ni ziwani." Mzee wetu mmoja akaongeza kwamba hata wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Methali hiyo naifundisha kila mwaka. Sitaifundisha tena.

Dolfina peke yake hakucheka. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja kama anayechagua samaki.

Nikirudi nyumbani, mwanamume mmoja alikuja nyuma yangu na baiskeli. Mtu wa Kamolo, simjui jina. Akashuka. Akanisalimu vizuri, habari ya watoto, habari ya mzee. Akatembea nami kidogo. Akaniambia, "Mwalimu, nyumba yako bado ya nyasi. Kiangazi hiki uwe mwangalifu na moto." Akapanda baiskeli akaenda. Polepole.

Nimetapika nyuma ya choo.

Ijumaa, 16 Februari

Watoto nimewapeleka kwa mama yangu Bunyore. Nimemwambia kuna surua hapa. Uongo wa kwanza kumwambia mama tangu niolewe. Hakuamini, lakini hakuuliza.

Nyumba tupu ina kelele nyingi. Panya, upepo, nyasi zenyewe. Nimejaza maji kila sufuria na kila ndoo. Nalala na nguo na viatu. Leo mtoto mmoja darasani aliangusha sahani na mimi nikapiga nduru. Wakacheka wote, nikacheka nao, kisha nikatoka nje kidogo.

Nataka kujitoa kwenye kamati. Nimeyapanga maneno: afya, kazi nyingi. Chifu atafurahi. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nataka kicheko. Sioni aibu kuiandika hapa.

Asubuhi Akoth alipita na ndoo ya maji. Mara ya kwanza kutoka nje. Alinipungia mkono. Ningependa asingenipungia.

Jumanne, 20 Februari

Sikujitoa. Nilikwenda kikaoni na maneno ya kujitoa mdomoni, lakini mambo yaligeuka.

Amani itafungwa Jumamosi. Wageni watakuja kutoka Kisumu: D.O., mkuu wa tarafa yetu, na watu wa mradi wa akina mama na kamera yao. Wanataka kuona wanawake wakishiriki. Chifu akasema kupika tu hakutoshi safari hii, walisema hivyo kwenye simu. Wazee wakakuna vichwa.

Ndipo Mzee Ong'ondo akakumbuka desturi. Zamani Wajaluo walipopatana na adui, walilaza miti na mikuki chini iwe mpaka. Kina mama wanaonyonyesha wakasimama pande mbili, wakapitishiana watoto juu ya mikuki, kila mmoja akamnyonyesha mtoto wa adui. Baada ya hapo hakuna vita, maana mtaua vipi mliyemnyonyesha. Macho yakamng'aa akieleza. Chifu alipiga paja. Wageni watapenda! Mzee akajitolea mjukuu wake awe wa kwanza, mtoto wa mwanawe mkubwa na mkewe Risper. Tukaambiwa sisi wawili tutafute akina mama.

Dolfina akauliza kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake: siku hizi si heri watoto washikwe tu kifuani, wasinyonye, kwa sababu ya huu ugonjwa wa Ukimwi? Wakakubali haraka. Tukatoka.

Njiani Dolfina alicheka mpaka akashika mti. Akanieleza kile ambacho wazee wanakijua na wamekisahau kwa sababu ya kamera. Nyanya yake alimwambia: kabla ya kutoa mtoto, mama huuliza kama kuna jambo limefichwa. Ukimpitisha mtoto juu ya mikuki na kuna jambo chini yake, chira inamshika mtoto. Chira, ile laana inayomkondesha mtu mpaka abaki mifupa. Haimshiki aliyeficha. Inamshika mtoto.

Wameifunga amani yao, akasema, na ufunguo wametupa sisi.

Nilimuuliza kama yeye anaamini chira. Akanijibu wao wanaamini, inatosha. Halafu baada ya muda akasema naye anaamini.

Jumatano, 21 Februari

Akina mama wetu wanne wamekubali kuuliza lile swali na kukataa kutoa watoto. Nilidhani nitawasihi. Mmoja alikuwa ameshaamua mwenyewe kabla sijamaliza kueleza. Mwingine alilia, akasema siku ile aliisikia sauti ya Akoth akafunga mlango.

Lakini upande mmoja hautoshi. Wetu wakikataa peke yao, tutaambiwa Kotieno imevunja amani, na mapanga yatarudi, na nitakuwa mimi niliyeyaleta. Lazima mama mmoja wa Kamolo akatae pia. Na wa kwanza wa Kamolo ni Risper. Huyo kijana aliyetajwa na Akoth ni shemeji yake. Anaishi boma moja naye. Anampikia.

Kesho ni siku ya soko Kombewa. Pwani zote mbili huuza huko, sokoni hakuna vita. Nitakwenda.

Alhamisi, 22 Februari

Nimempata Risper anapima omena, dagaa wa ziwani. Msichana mdogo kuliko nilivyofikiri, mtoto mgongoni amelala. Nilinunua omena. Nikamwambia chini chini, nikimtazama mkono wake na si uso. Nilimwambia Akoth anataka nini. Nilimwambia tutauliza swali la desturi, na kwamba sitamlaumu akinyamaza.

Omena zikamwagika kutoka kwenye kopo la kupimia. Akaniongezea nyingine, nyingi kuliko nilizolipia, akazifunga kwa gazeti. Kisha akageukia mteja mwingine.

Nimefanya nini? Akimwambia baba mkwe wake leo, nyumba hii haitafika kesho. Nimemweka mtoto wa watu kwenye mdomo wa mamba kwa sababu mimi mwenyewe sitaki kusimama peke yangu. Omena ziko mezani. Siwezi kuzila.

Ijumaa, 23 Februari

Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyekuja. Hilo nalo linanitisha. Nimemwomba Mungu, kisha nikaona nimemwomba mara tatu neno lile lile kama anayegonga mlango wa mtu asiyekuwepo.

Jumamosi, 24 Februari

Nitaandika tu.

Watu walijaa. Viti vya wageni chini ya turubai, soda, kwaya. Kijana wa kamera akirukaruka. Matawi yamelazwa mchangani, juu yake mikuki ya zamani iliyotolewa madarini, mingine ina kutu. Kijana wa Mzee Ong'ondo alikuwepo, amesimama na wenzake, shati jeupe. Akoth alikuwepo pia. Alisimama na mama yake nyuma kabisa, kitambaa cha kichwa kimevutwa mpaka kwenye nyusi.

Wakaita akina mama. Wetu wanne wakaenda, watoto mikononi. Wa Kamolo wakaja, Risper mbele. Hata kwaya ilinyamaza.

Mama wa kwanza wa kwetu akauliza kwa Kijaluo, kwa sauti, kama Dolfina alivyomfundisha: kuna jambo lililofichwa?

Wazee wakatazamana. Niliona uso wa Mzee Ong'ondo ukikumbuka. Niliuona kabisa. Akafungua mdomo aseme hakuna, na hakuweza. Mjukuu wake alikuwa pale mbele ya mikuki.

Risper akarudi hatua moja nyuma. Akamfunga mtoto kwa nguo. Akasema, "Simtoi mtoto wangu. Liko. Na nyinyi mnajua liko." Akaketi mchangani. Wa Kamolo wengine wakatazama huku na huku, wakaketi mmoja mmoja. Na wetu wakaketi.

Vijana wa nyuma walianza kunguruma. Mtu akasema wanawake wametumwa. Nilisikia chuma kikigonga chuma, nikajua tunakufa.

D.O. akasimama akauliza jambo gani. Chifu akatazama viatu. Kamera ilikuwa inaendelea. Mama Dolfina akanisukuma mgongoni, si kidogo, nikajikuta mbele ya watu wote.

Nilisema. Sikumtaja kwa jina, tulikubaliana hivyo na Akoth. Nilisema ni msichana, nilisema siku ile, nilisema anataka kwenda polisi na amezuiwa kwa ajili ya amani. Nilisema ng'ombe huyo aondolewe katika hesabu. Nilisema serikali yetu imeweka sahihi. Hakuna aliyecheka safari hii. Sikumbuki nilimalizaje. Dolfina anasema nilimaliza kwa "asanteni," kama ninayefunga darasa.

D.O. aliwatazama wageni, akatazama kamera, akatazama akina mama walioketi. Akasema jambo la polisi liende polisi, na yeyote atakayemzuia atamjibu yeye. Sijui kama alikuwa anamaanisha au aliona kamera. Sijali. Amesema mbele ya watu.

Mzee Ong'ondo alikuwa amekaa. Alionekana mzee sana ghafla. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ikaniudhi.

Risper akainuka. Akampitisha mtoto juu ya mikuki. Mama wa kwetu akampokea, akampa wake. Watoto wote wawili wakalia kwa nguvu, na kuna watu walicheka, na mimi nikalia.

Yule kijana mwenye shati jeupe hakuwepo tena.

Jumatatu, 26 Februari

Tumekwenda kituoni. Akoth, mama yake, Dolfina, mimi. Barabarani tukamkuta Risper amekaa kando na mtoto na kifurushi. Amefukuzwa. Alipigwa kwanza, jicho moja halifunguki. Alisema siku ile ya mapanga ndiye aliyefua shati la shemeji yake. Anataka kuandikisha ushahidi huo. Akasimama akaanza kutembea nasi.

Askari alituweka muda mrefu. Dolfina hakutoka mlangoni pake. Mwishowe ameandika.

Risper yuko kwangu. Mume wake hajaja kumwulizia.

Jumanne, 27 Februari

Ukuta wa choo changu umebomolewa. Kwa mikono, si moto. Nilitoka asubuhi nikaukuta hivyo. Joseph ameomba ruhusa kazini, amekuja na msumeno na misumari. Hajasema "nilikuambia." Anapigilia tu. Nimempenda sana leo.

Alhamisi, 7 Machi

Kijana amekamatwa Asembo Bay, kwa mjomba wake. Wale wawili bado. Mitumbwi imeanza kutoka pande zote. Vijana wetu na wa Kamolo wanasalimiana kwa vichwa, bila mikono. Kesi itatajwa Kisumu mwezi ujao. Itachukua muda, wanasema. Bado naogopa. Nadhani nitaogopa mpaka nizeeke, nimeanza kuzoea kama watu wanavyozoea mguu mbaya.

Baada ya watoto wa chekechea kuondoka, Akoth alikuja darasani. Alisema mahakamani watamwuliza kwa Kiswahili au Kiingereza, na yale mambo yeye anayo kwa Kijaluo tu. Alitaka nimpe maneno.

Nimefundisha Kiswahili miaka yote hii. Rangi, wanyama, sehemu za mwili. Nikampa aliyoyaomba, moja baada ya jingine. Aliyarudia kwa sauti ndogo, akanisahihisha pale nilipochagua neno la adabu. Alitaka lenyewe.

Kisha akasimama mbele, akageukia madawati matupu. Mimi nilikaa nyuma, kwenye kiti cha watoto, magoti karibu na kidevu. Akasema yote, taratibu, toka mwanzo mpaka mwisho, pamoja na jina. Risper alikuwa nje kivulini ananyonyesha, alisikia.

Akoth alipomaliza akaniuliza kama alitamka sawasawa. Nikamwambia ndiyo. Akaomba maji.